Sindano ya Ndugu Zablon

Juzi nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mboga, mjukuu wangu Brayo akaja akanisukumia simu usoni. "Shosh, cheki hii. Tumeisha."

Nikavaa miwani. Kwenye simu kulikuwa na jamaa mmoja mwenye tai, nyuma yake jua limechorwa linatapika moto. Akasema dhoruba inatoka juani, itachoma nyaya zote za stima, halafu sumaku ya dunia itageuka, kaskazini iwe kusini na kusini iwe kaskazini, na dunia yenyewe ibingirike kama pipa lililoachiliwa mlimani. Alisema kwa sauti ya mtu anayekusomea bei za nyanya.

"Ataisha yeye na tai yake," nikamwambia Brayo, nikarudi kwa mboga zangu.

Ningeishia hapo. Sisi wa rika langu dunia imetuishia mara nyingi, na kila mara kesho yake tumepanga foleni ya maji kama kawaida. Lakini jioni ile video ikaingia kwenye kikundi cha simu cha chama chetu, na mama mmoja, tena mama ninayemheshimu, mwenye mtoto anayengoja mtihani, akaandika chini yake: "Kama ni hivyo mitihani ya nini tena? Watoto wakae nyumbani tuombe." Wenzake wakamwekea mikono ya maombi, mikono kwa mikono. Nikaandika: "Peleka mtoto shule." Neno hilo tu. Nikajibiwa: "Shosh tulia, hii ni sayansi, wewe huielewi."

Mimi siielewi! Mimi ambaye sumaku ya dunia ilinipitia nyumbani kwetu, ikanikalia mezani, ikala maisha yangu! Usingizi ulinitoroka kwa hasira. Kwa hivyo nimekaa nimeandika. Masomo yangu yalikomea darasa la saba, na hilo la saba lenyewe sikulimaliza vile linavyomalizwa, basi mkiona nimepotea njia mnivumilie, nitarudi.

Tulikaa kwenye nyumba za baraza la jiji, zile za safu ndefu, chumba kimoja na pazia katikati: wazazi upande huu, sisi watoto upande ule, na sufuria chini ya kitanda. Mfereji ulikuwa mmoja kwa safu nzima. Upepo ukitoka Industrial Area ulituletea harufu ya sabuni, maana ndiko baba alikofanya kazi, kiwanda cha sabuni. Mgeni angefikiri sisi ni watu wasafi ajabu. Baba alirudi jioni na sabuni imeganda kwenye nywele za mikono, na mvua ikimnyeshea njiani aliingia nyumbani anatoa povu. Tulicheka mpaka tukakatazwa. Mama aliuza omena na mboga za kienyeji kwenye lango la mtaa. Kwa hivyo nyumba yetu ilinukia sabuni na samaki kwa pamoja, na mpaka leo harufu hizo mbili zikikutana mahali, mimi husimama kwanza.

Nyuma ya safu yetu palikuwa na kanisa la Ndugu Zablon. Nikisema kanisa msifikirie mnara. Kilikuwa kibanda cha mbao za kuokoteza, mbao za masanduku ya mizigo, nyingine bado zina maandishi ya meli. Ndugu Zablon mwenyewe alikuwa fundi wa kusuka upya waya za mota, mtu mpole, mrefu, mwenye vidole vilivyoungua. Ningependa sana kuwaambia alikuwa mwizi. Ingekuwa rahisi. Mwizi hushikwa, hupigwa, watu huenda nyumbani wameridhika. Lakini yule hakuchukua hata ndizi ya mtu. Aliamini. Watoto wake walikula ugali mkavu kama sisi, na alipotuambia jua litatutapikia moto, machozi yalimtoka kwelikweli. Mtu wa namna hiyo utamshika wapi?

Habari za jua alizisoma kwenye vijarida vilivyotoka ng'ambo, vyenye picha za nyota zimejipanga mstari mmoja. Lakini vijarida kila mtu alikuwa navyo. Kitu ambacho Ndugu Zablon alikuwa nacho, na hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nacho, ni dira. Katika ujana wake aliwabebea wapima ardhi minyororo yao, na walipomaliza kazi wakamwachia dira moja ya zamani: kisanduku cha mbao, kioo juu, na ndani sindano nyembamba inayotetemeka kama mguu wa panzi. Aliiweka kwenye rafu karibu na ukuta wa nyuma wa kanisa. Siku ya kwanza alichora mstari wa chaki kwenye rafu, sawasawa na sindano ilikoelekea, yaani upande wa mlangoni. Akatuambia tuutazame ule mstari.

Tukautazama. Wiki zikapita, na sindano, Mungu wangu, ikaanza kuuacha mstari. Kwanza kidogo, upana wa ukucha. Jumapili iliyofuata ukaingia upana wa kidole. Kila wiki ilisogea, ikiuacha mlango, ikielekea ukuta wa nyuma, pole pole kama mtu anayegeuza shingo kusikiliza kitu. "Dunia inageuka mbele ya macho yenu," Ndugu Zablon alisema, na watu wazima, watu wenye ndevu, walipiga magoti kwenye vumbi.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto, na mtoto hujielezea mambo kwa vitu vyake. Ndugu Zablon alikuwa amesema, "Sindano haidanganyi. Inaelekea inakoitwa." Mimi nikaelewa kwamba inamtafuta mtu. Nikaona wazi kwamba mahali fulani pale mtaani kuna mwenye dhambi aliyeiharibu dunia, na sindano inamnyooshea kidole, ila kidole kinakwenda taratibu kwa sababu ni cha Mungu na Mungu hana haraka. Nilikagua inakoelekea. Upande ule, ukipita ukuta wa kanisa, ukapita ua wa jirani, unafika langoni. Na langoni alikaa nani na karai la omena? Mama. Mama ambaye hakukanyaga pale kanisani, ambaye siku za ibada aliuza kama siku nyingine, na ambaye akimwona Ndugu Zablon alimwamkua vizuri halafu akanikonyeza. Nikila chakula cha mama nilihisi nakula na mtu anayetafutwa.

Hayo ningeyavumilia. Lililonivunja ni siku. Ndugu Zablon alipiga hesabu zake akasema sindano itamaliza mzunguko na jua litapasuka Alhamisi fulani, saa sita mchana, jua likiwa utosini. Na kuanzia Jumatatu ya wiki hiyo waumini wote, wake kwa waume na watoto, waingie kanisani kufunga na kuomba, asitoke mtu. Wiki hiyohiyo, Jumanne na Jumatano, ndiyo iliyokuwa ya mtihani wetu wa darasa la saba.

Ninyi wa rika langu mnajua mtihani ule ulikuwa nini. Vijana wa leo wana njia nyingi za kuingilia, sijui kozi, sijui nini. Sisi tulikuwa na tundu moja la sindano, samahani, nimesema sindano, lakini ndivyo lilivyokuwa. Ukipita umepita. Usipopita, kama ni msichana, kuna nyumba ya mtu huko mtaa wa matajiri inakungoja ukaoshe vyombo. Mimi hesabu zilinipenda. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe mpaka kwenye karai la mama langoni, akanunua omena ambazo nadhani hakuzitaka, akamwambia, "Mama Nekesa, huyu msichana msimguse mpaka Novemba." Mama alimwongezea kiganja kizima.

Baba, ambaye ndiye aliyetupeleka kwa Ndugu Zablon, alikuwa tayari ameacha kazi. Ndiyo, ameacha. Alisimama kwenye mlango wa kiwanda akawaambia wenzake sabuni haitamwosha mtu siku ya jua, na wengine wawili wakamfuata kutoka. Akapewa ufunguo wa kanisa, akawa anakaa huko mchana kutwa akifagia. Nilipomuuliza kuhusu mtihani alinijibu bila ukali, na afadhali angekuwa mkali: "Nekesa, mtihani ni wa watu watakaobaki."

Mchana mmoja, wiki moja kabla ya hiyo Jumatatu, nikaamua niende nikajue. Kama sindano inamtaja mama, nijue, na kama kuna mwingine katikati, nijue pia. Nilisimama nyuma ya rafu, nikaangalia inakoelekea, nikatoka, nikazunguka kibanda mpaka mahali palepale, upande wa pili wa ukuta.

Pale palikuwa ua wa Baba Njeri. Baba Njeri alikuwa jirani yetu kutoka Murang'a, mtu mfupi wa mzaha, mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alizunguka mitaani na mkokoteni, jioni anamwaga alichopata. Na alimwaga wapi? Palepale, kwenye ukuta wa kanisa, kwa sababu kanisa halilalamiki. Springi za lori, ekseli, mageti yaliyokatwa, vyuma vya dirisha, na juu ya yote, imeegemea mbao zilezile zenye maandishi ya meli, injini nzima ya lori, nyeusi, inatoa harufu ya grisi ya zamani na kutu iliyolowa. Kila wiki lile rundo lilikuwa limekua. Nilisimama mbele yake kama nimesimama mbele ya mtu. Kumbe ndiye.

Maana shuleni tulikuwa tumeshika sumaku kwa mikono yetu. Mwalimu wa sayansi alitumwagia unga wa chuma kwenye karatasi, akapitisha sumaku chini, unga ukasimama kama nywele za paka aliyeogopa. Halafu akaleta dira ya shule, akaisogeza karibu na mguu wa dawati, sindano ikageuka. Darasa zima tuliona. Nilifurahi kiasi cha kurukaruka pale uani. Mama hana hatia! Na dunia haina kitu! Na mimi nitaandika mtihani!

"Unachezea nini hapo?" Baba Njeri akatokea na kikombe cha chai.

"Baba Njeri, vyuma vyako vinavuta sindano ya Ndugu Zablon."

"Vinavuta nini?"

"Ile sindano ya mwisho wa dunia. Inaelekea huku. Inavutwa na hii injini."

Alicheka mpaka chai ikamwagika, akakalia tairi. "Mama Njeri! Njoo umwone mume wako! Mimi ndiye ninayemaliza dunia, na hata kodi sijalipa!"

"Visogeze kidogo tu. Mtihani ni Jumanne na baba hataki niende."

Kicheko kikakatika. Baba Njeri alikuwa na binti wa umri wangu. Akaitazama injini, akanitazama. "Mtoto wangu, hiyo iliingia hapa na lori na wanaume wa nguvu. Inakwenda mtaa wa Baba Dogo, kwa wale wanaoyeyusha vyuma. Lakini lori litapita wapi? Angalia." Akanionyesha kichochoro: kamba za nguo, majiko, watoto, akina mama wamekaa wanasukana. "Mpaka siku njia iwe wazi. Mwambie baba yako. Ana akili yule, mwonyeshe kwa macho."

Basi nikamwonyesha. Nilimkuta baba peke yake kanisani, amekaa kwenye benchi, ufagio mapajani. Nikamwomba tuibebe dira mpaka uwanjani, dakika moja tu. Nilidhani atakataa. Aliinuka, akaichukua kwa mikono miwili kama anavyobebwa mtoto mchanga, tukatoka hadi katikati ya uwanja wa mpira, mbali na kila kitu. Sindano ikatetemeka, ikazunguka, ikatulia upande uleule wa siku ya kwanza, upande mlango wa kanisa unakoangalia. Baba akajigeuza huku, akajigeuza kule. Sindano ikabaki ileile. Kisha bila mimi kumwambia akatembea mpaka ua wa Baba Njeri, akaisogeza dira karibu na injini. Ikapinda. Akairudisha nyuma. Ikanyooka. Akaisogeza tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na uso wake sikuwahi kuuona hivyo, ulikuwa uso wa kijana.

"Umeona, Baba?"

"Nimeona."

"Basi Jumanne nitaenda."

Akairudisha dira kanisani, akailinganisha vizuri kwenye rafu, palepale ilipokuwa, sindano ikiangalia ukuta. Akapangusa kioo kwa mkono wa shati.

"Baba?"

"Nekesa," akasema, "mimi nimeacha kazi."

Nilidhani hajanielewa. Nikaanza upya, injini, chuma, sumaku. Akaninyamazisha kwa mkono. "Nimesikia. Sasa sikia na wewe. Nimeacha kazi. Otieno ameacha kazi kwa sababu yangu, na Makokha pia, na Makokha ana watoto wadogo. Unataka nisimame mbele yao niseme nini?"

"Useme ni chuma."

"Wewe bado mtoto," akasema.

Jamani, mimi nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimefiwa, nimehamishwa, nimebomolewa nyumba na matingatinga nikiwa na ugali jikoni. Lakini jambo lililonikalia kooni kuliko yote ni hilo. Kwa sababu ujinga ninausamehe, sote tumekuwa wajinga mahali. Ndugu Zablon hakujua. Waliopiga magoti hawakujua. Baba alijua! Alijua kwa macho yake, akaigeuza ile dira kwa mikono yake mwenyewe, akaona, halafu akanipeleka kunichinja kwa sababu ya Makokha.

Mama nilimweleza jioni ile, mbele ya karai. Alisikiliza huku akifunga omena kwenye gazeti. Hakushangaa hata kidogo kuhusu injini. Nilipofika kwenye sehemu ya baba kuona na kunyamaza, mikono ikasimama. Usiku nyuma ya pazia tulisikia kila neno.

"Baba Nekesa, jua lako linapasuka Alhamisi?"

"Ndivyo alivyosema mtumishi."

"Na mtihani unaisha Jumatano?"

Kitanda kikalia, baba akageukia ukuta.

"Basi dunia ikiisha itamkuta ameshaandika. Kuna ubaya gani? Ataungua akiwa na hesabu zake."

"Usinivunjie heshima, Mama Nekesa."

"Heshima gani hiyo inayovunjwa na kalamu ya mtoto?"

Mdogo wangu alicheka, nikamfinya. Mama alisema mengi tena, mpaka jirani wa ukuta wa pili akagonga. Jumapili alinifulia sare, akainyoosha kwa pasi ya makaa, akaiweka juu ya kiti ambapo baba lazima aione akitoka.

Aliiona. Jumatatu alfajiri alinishika mkono, akaipita sare, akanipeleka kanisani pamoja na wadogo zangu. Jumanne asubuhi mama akaja mpaka mlango wa kanisa na sare mkononi. Ndugu Zablon akamfungulia kwa upole, "Karibu, dada, bado kuna nafasi."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kumchukua mtoto wangu, akaandike mtihani, nitamrudisha mchana. Nitamleta mwenyewe, mkimtaka mumfunge na kamba mtamfunga."

Ndugu Zablon akamtazama baba. Watu wote wakamtazama baba. Otieno alikuwa pale, Makokha alikuwa pale na watoto wake wamejikunja kwenye gunia. Baba angeweza kusema neno moja. Alitazama sakafu, akasema, "Mtoto wangu anabaki na watu wake." Akina mama wawili wakamshika mama mabega, si kwa nguvu, wakamtoa huku wakimwimbia pole. Kengele ya shule ilikuwa chuma cha reli kilichoning'inizwa, na ilisikika mtaa mzima. Niliisikia Jumanne. Niliisikia Jumatano. Pembeni yangu walikuwa wakilia kwa ajili ya ulimwengu, na mimi nililia nao, wakanisifu kwamba nimeguswa.

Msiniulize kwa nini sikuufanya mwaka uliofuata. Watu huniuliza kama vile kulikuwa na dirisha la kurudia. Baba hakurudishwa kiwandani, wadogo zangu wanne walikuwa wanasoma, omena zikawa ndizo zinazotulisha sote, na mimi kabla ya Pasaka nilikuwa nimeshapelekwa kuosha vyombo vya watu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna mtu, si Ndugu Zablon aliyekuja kuzikwa kwa heshima kubwa, si wazee wake, si yeyote, aliyewahi kuja kuniambia, Nekesa, tulikosea.

Lakini nilikuwa nasimulia Alhamisi. Watu walijifunika mablanketi yaliyolowekwa maji, kwa ajili ya moto. Humo ndani joto lilikuwa la tanuri na harufu ya pamba mbichi na jasho na njaa. Saa sita ikafika. Nje muuza mkate akapita akipiga kengele ya baiskeli yake, hakumpata mteja hata mmoja, akalaani mtaa mzima kwa Kikamba. Jogoo akawika. Mtoto wa Makokha akaomba kwenda choo. Watu wakaanza kufunua jicho moja moja kutoka kwenye mablanketi na kutazamana, na nikaona aibu inaanza kuingia humo ndani, nikaifurahia, nikasema moyoni, ingia, ingia, kaa.

Hapo ndipo ukuta wa nyuma ukatetemeka.

Kitu kizito kiligonga ardhi. Mbao zikalia. Sauti za wanaume zikanguruma, vumbi likatuangukia kutoka darini, na kanisa zima likapiga ukelele mmoja. Watu wakalaliana. "Inageuka! Inageuka!" Ndugu Zablon alipaza sauti, mikono juu. Mimi peke yangu ndani ya blanketi langu nilisikia kilichosemwa nje, kwa sababu nilikuwa najua pa kusikiliza: "Haya, sukuma! Lete nyuma! Angalia mguu, bwana!" Na sauti ya Baba Njeri, imejaa furaha: "Leo ndiyo leo, njia nyeupe, hakuna hata kamba ya nguo!" Maana mtaa mzima ulikuwa umejifungia ndani kungoja kufa, sisi kanisani na wengine vyumbani mwao, na lori likapata pa kupita.

Likanguruma, likaenda zake Baba Dogo. Ndugu Zablon akainuka vumbini. Akaenda kwenye rafu. Akainama juu ya dira, akakaa ameinama hivyo, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Sindano ilikuwa imerudi kwenye mstari wa chaki.

"Imerudi!" akasema akilia. "Ndugu zangu, imerudi! Amesikia! Ameishika dunia ameirudisha!"

Sijawahi kuona furaha kama ile. Watu walikumbatiana, wakarushiana yale mablanketi, Makokha alimbeba Otieno. Na nilimtazama baba. Baba alitazama sindano, akatazama ukuta, akasikiliza mahali ambapo lori lilikuwa limepotelea, na akajua. Halafu akainua mikono yake akapiga makofi.

Ndugu Zablon akaniita mbele. Akaniwekea mkono kichwani, ule wa vidole vilivyoungua, akawaambia watu: "Huyu mtoto alikuwa na mtihani wiki hii. Aliuacha kwa ajili yetu. Mjue kwamba dunia imesimama kwa sababu ya watu kama huyu. Binti yangu, toa ushuhuda."

Mnajua utaratibu wa makanisa yetu madogo. Mtu akisimama kutoa ushuhuda akaanza kupotea, hakuna anayemwambia kaa chini, hiyo ni kukosa adabu. Mtu huanzisha pambio. Wengine hudaka, makofi huingia, na yule aliyesimama humalizwa na wimbo. Nimeona walevi wakimalizwa hivyo. Nimeona mwanamke aliyeanza kutaja ngumi za mumewe akimalizwa hivyo, kwa wimbo mtamu, watu wakitabasamu.

Nikasema, "Ni injini ya Baba Njeri. Ilikuwa nyuma ya ukuta, ndiyo iliyokuwa inavuta sindano. Sasa lori limeibeba. Nendeni nje muone, hakuna kitu kilichogeuka. Na Baba alijua, nilimwonyesha, na mtihani wangu—"

Mke wa Makokha, aliyekuwa karibu na mlango, alianza kugeuka kutazama nje.

Halafu mtu akaanzisha pambio nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kujua ni nani, maana ilikuwa sauti ya baba, ileile iliyoniimbia nikiwa mgongoni kwake. Ilianza chini, nzuri, haina haraka, wanawake wakaidaka, makofi yakaingia, miguu ikaingia, na kile kibanda cha mbao kikajaa mpaka juu. Nilikuwa bado nasema. Nilitaja somo la hesabu, nikataja siku, nikataja jina langu, na hakuna aliyenisikia humo ndani, hata mimi mwenyewe.